Marahaba Iliyonitoka

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeitanguliza makusudi, tena kwa mwandiko wangu, maana kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Goti linaendeleaje? Skola ameniambia sasa unashuka mwenyewe mpaka kwenye migomba ya chini, nikafurahi, ingawa dada yangu huyo hukusifia kupita kiasi ili mimi huku nisiwe na wasiwasi. Mvua zimewaachia barabara ya kupita gari, au mnabeba ndizi kichwani mpaka misheni? Sisi hapa Bukoba ni wazima. Koku anafundisha, watoto wanasoma, na msimu wa kahawa umefunguliwa, kwa hiyo nashinda chini ya mashine za kukoboa nikirudi nyumbani nina rangi ya grisi.

Nimeandika kwa sababu simu yako siku hizi inasikilizwa na ukoo mzima. Bahasha hii inakuja kwa basi mpaka Morogoro mjini, Skola ataichukua akupandishie. Isome kwanza peke yako.

Ni kuhusu ile Jumamosi. Nilikuwa nimelala chali chini ya mashine, spana mkononi, simu ikalia. Nikasikia sauti yako ikisema, "Shikamoo, kaka." Nami nikajibu, "Marahaba."

Mama, hapa kiwandani vijana wananiamkia tangu asubuhi mpaka jioni. Neno likisemwa, jibu linatoka lenyewe, kama mtu anayepiga chafya. Nilikuwa bado sijajiuliza kwa nini mama yangu mzazi ananiamkia, nikasikia vigelegele. Halafu Mzee Kasiani, mkubwa wa mlango wa pili wa ukoo wetu, akachukua simu.

"Umeitika, baba," akasema. "Wote twasikia hapa. Karibu nyumbani, Mloka."

Nikamwambia mimi ni Dismas, Mloka ni mjomba tuliyemzika. Akacheka vizuri tu, akasema Dismas alikuwapo, ndiyo, alikuwa kijana mzuri.

Baadaye nikaambiwa kuwa shati nililolisahau siku za msiba wa mjomba mlilitandika juu ya kigoda chake, mkamwaga pombe kidogo chini, na kilichobaki kilikuwa sauti yangu tu. Na sauti nikaitoa mwenyewe. Simlaumu mtu. Mngeniuliza ningechukua mwaka mzima kujibu, na nyie mnanijua.

Jioni Koku alitaka nimweleze. Nikamweleza kwamba kwetu ukoo ni wa mama, na mkubwa wa ukoo akifariki, mtoto wa dada yake hulivaa jina lake, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye yule marehemu. Dada za marehemu humwita kaka. Ardhi, makaburi, mabinti wa kutolewa mwali, vyote vinamsubiri yeye, na anatakiwa arudi akae. Koku akaacha kumenya ndizi.

"Kwa hiyo mama mkwe sasa ni wifi yangu?"

Nikasema ndiyo, kwa hesabu hiyo.

"Na mimi ni mke wa nani? Wako au wa marehemu?"

Nikachukua kisu nikamenya ndizi zilizobaki. Kwao Wahaya mtoto ni wa baba na habari imekwisha. Wanangu hapa ni wangu mpaka mfupa, na huko kwetu Matombo ni watoto wa akina Koku. Huko nina wapwa, na tangu ile Jumamosi nimeongezewa wajukuu, maana Tina wa Skola ameniandikia ujumbe unaoanza na "Babu." Nina miaka arobaini na moja.

Wiki ile ile maamuzi yakaanza kuja. Shamba la kule juu lenye mdalasini apewe nani? Tina atolewe mwali likizo hii au asubiri amalize kidato cha nne? Kaburi la bibi limeporomoka upande mmoja, lijengewe au liachwe? Nilikuwa nasoma maswali hayo kwenye simu wakati wa chai, na kila swali nililipeleka kwa Skola, naye akanijibu papo hapo. Mpaka wa mdalasini unapita kwenye jiwe lililopasuka. Tina asubiri, kwa sababu mjomba mwenyewe alisema asubiri. Kaburi lisiguswe kabla ya mavuno. Kisha mimi namwandikia Mzee Kasiani yale yale, naye anajibu, "Hayo ndiyo maneno ya Mloka!"

Nimeyafanya hayo mara tatu. Mara ya tatu nikaona aibu.

Skola ndiye aliyemwogesha mjomba miezi yote ile ya ugonjwa, na mjomba alikuwa anamwambia kila kitu. Mimi nilikuja siku mbili za msiba nikarudi. Juzi nikampigia nikamuuliza kama kazi hiyo ya Mloka angeitaka. 

"Kaka," akasema, "kazi mbona naifanya? Bado kuitwa tu."

Ameniita kaka, si mjomba. Wala hakujirekebisha, na mimi sikumkumbusha.

Sasa nikwambie jambo lililonikalisha kitako kuandika. Siku tatu baada ya ile Jumamosi nilikupigia nikasema, "Shikamoo, mama."  Ukasema taratibu, "Usiniamkie hivyo, kaka, watu wapo." Niliumia, mama. Nilikaa kwenye ngazi za kiwanda muda mrefu, wenzangu wakadhani nimepata msiba. Nimeishi mbali miaka kumi na miwili, nimezoea kutokuwa mtu wa hapa na kutokuwa mtu wa huko, na jambo hilo halinisumbui sana. Lakini kuwa mwanao nilidhani ni kitu ambacho hakiondoki hata nikiwa Bukoba.

Najua na wewe una lako. Ulikuwa na kaka mmoja tu. Ukisema "kaka" na mtu akaitika, unapata nafuu ambayo mimi kama Dismas siwezi kukupa. Nimeliwaza hilo sana, na ndiyo sababu sikukataa siku ile ile.

Basi nimeamua hivi. Mwezi wa saba nikipata likizo nitakuja. Nitakaa kwenye kigoda mara moja, mbele ya wazee wote, nivae hilo shati, niitwe Mloka na niitike. Kisha nitasema neno langu moja: jina liende kwa Skola. Mzee Kasiani atasema mwanamke halivai. Wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba kabla ya mjomba jina hilo alilishika bibi yake mzaa mama, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Wakikataa, watakuwa wanamkatalia Mloka, na Mloka wamemweka wao.

Naelewa nakuomba kitu gani. Utaanza kumwamkia Skola, anayekuchotea maji na kukukanda goti, na yeye atakuita dada. Vyovyote itakavyokuwa, mtoto wako mmoja atageuka kaka yako. Yeye yuko tayari. Mimi siko tayari, na nisingependa ujue hilo kwa kuniona nimekaa kwenye kigoda nikiwa nimenuna.

Usiwaambie wazee bado. Fikiri kwanza.

Nisalimie Skola, umwambie kamba za kufungia mbuzi alizoniagiza nimezipata. Nisalimie Tina, umwambie babu yake anamtaka apasi hesabu. Mzee Kasiani mpe heshima zangu zote, ananichosha lakini anaupenda ukoo. Na mama mdogo, mdogo wako, akija kutoka Turiani umshike mkono kwa niaba yangu. Koku anakuamkia, na amekataa katakata kukuita wifi.

Jibu barua hii kwa mkono wako. Ukishaamua, nitajua hata kabla ya kufungua, kwa jina utakaloandika juu ya bahasha. Lakini angalia, mama: karani wa posta hapa ananifahamu kwa jina moja tu, lile ulilonipa kanisani. Ya mtu mwingine atairudisha.

Mimi mwanao,
Dismas