Tundu la Popo Pumwani

Mjukuu wangu Mumbua,

Salamu zako zimefika. Sisi tu wazima, na mamako amepona mguu.

Umeuliza kama uzibe tundu wanalotokea popo darini kwako. Miaka ya sabini, hapa Pumwani, niliziba letu kwa simiti jioni moja, popo walipotoka kuwinda wadudu. Punde tukasikia vilio vyembamba darini.

"Wameacha watoto," akasema nyanyako, akimnyonyesha babako.

Nje, mama zao walirudi wakawa wanajigonga ukutani. Nilipanda ngazi nikaibandua simiti ikiwa bado mbichi. Waliingia mmoja mmoja, kila mama akamtafuta wake, hadi kukawa kimya.

Wewe ziba ukitaka, ila panda usikilize kwanza.

Babu yako,
Mutua