Mama Mkwe, Sikukidharau Chakula Chako

Kwako mama mkwe wangu, Masanze,

Shikamoo mama. Simu yangu hupokei tangu msimu uliopita wa mavuno, ndiyo maana naandika. Nimechoka, na mtu aliyechoka hawezi kuzunguka maneno.

Unakumbuka siku ile ulipomchinja yule jogoo mkorofi? Ulisonga ugali wa mtama, ukaniwekea na maziwa mgando kwa sababu mwanao alikuambia nayapenda. Nikamega kidogo, nikanawa. Ulipoanza kununa nikajikaza kisabuni, nikarudi kula. Jioni ukanikuta nyuma ya zizi natapika, chakula cha mchana kikiwa bado kizima.

"Mama Kulwa, kama unaniona mchafu, si useme tu!" ukasema.

Nikafuta mdomo, nikaingia ndani. Tangu siku hiyo hujakanyaga kwangu Mikumi, na wajukuu wamechoka kuniuliza.

Ukweli ni kwamba nina kisukari, mwaka wa kumi huu. Mwanao anajua. Tulikuficha kwa kuwa ng'ombe wa mahari yangu walitoka kwenye zizi lako, nikaogopa utasema mmeozeshwa mgonjwa. Sukari imeharibu mishipa ya fahamu ya tumbo. Chakula kikiingia kinakaa tu, hakishuki. Naona aibu kukuambia haya leo, wakati ningeweza kuyasema pale pale zizini.

Miezi mitatu iliyopita, hospitali kubwa ya Dar, waliniingiza mpira wenye kamera mdomoni, wakachoma sindano kwenye mlango wa chini wa tumbo, ule unaopitisha chakula kwenda kwenye utumbo. Nilimuuliza daktari ni dawa gani. Akacheka. "Ni sumu, mama, ila kidogo sana. Inalegeza huo msuli ulioubana mlango." Akanionya kwamba haiwasaidii wote, na ikimsaidia mtu haidumu.

Mimi ilinisaidia. Nilimaliza sahani ya wali nikalia mezani, watoto wakadhani ni pilipili. Mwanao akashikia bango: "Twende kwa mama sasa hivi, akuone unashiba, yaishe." Nikafunga mpaka begi. Halafu nikakaa kitandani, nguvu za kwenda zikaniisha. Ungefurahi, mama, ungeniita mwanao. Baada ya mwezi ningerudi kuwa yule yule, nawe ungeumia upya bila kujua kwa nini. Begi nikalifungua.

Juzi nimeanza kutapika tena. Daktari anasema tunaweza kurudia sindano, ila haahidi kitu. Sijaamua. Safari za Dar zimenichosha, njaa imenichosha, lakini kukudanganya ndiko kulikonichosha zaidi.

Jumamosi nakuja na tumbo langu hili hili. Usipike uji wa mgonjwa, pika unavyopika siku zote. Nikila matonge matatu, mama, naomba uamini kwamba nimekula.

Mkweo,
Mama Kulwa