Hesabu Mpaka Kumi

Dagoretti Corner, Nairobi
9 Februari 2025

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima wa mwili, natumaini hapo nyumbani kwetu mjini Wote nawe u mzima. Goti lako limekubali kukunjwa? Jirani Muthama aliniambia kwa simu kwamba mvua haijanyesha na kwamba umeanza kumwagilia michungwa kwa mkebe. Pole na kazi.

Huku ni yaleyale. Bado napokea wagonjwa wa meno pale kliniki Kilimani. Naandika majina yao, nawaambia waketi, jioni narudi nyumbani. Jacklyne, ninayekaa naye meza moja, anasema nimekuwa mtu wa kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni kama taa. Ni kweli.

Nina jambo la kukuchekesha. Najifunza kuota. Kuna watu wanaoota huku wakijua kwamba wanaota, halafu ndani ya ndoto wanafanya wanalotaka. Jacklyne anaweza, na ndiye mwalimu wangu. Ukiamka tu, hata kabla ya kugeuka kitandani, unaandika ndoto yako daftarini, hata kama umekumbuka kipande. Mchana unajiuliza mara kumi hivi: naota ama niko macho? Na si kujibu kwa mdomo tu, unapima. Unaziba pua na kujaribu kupumua, maana kwenye ndoto pumzi hupita. Au unasoma maandishi, unatazama kando, unayasoma tena. Kwenye ndoto hubadilika. Ukizoea kupima mchana, siku moja utapima ukiwa usingizini, na hapo umejishika.

Juzi niliziba pua nikiwa nimesimama kituo cha matatu cha Adams Arcade. Mwanamume aliyekuwa karibu nami akanusa kwapa lake, akahama. Nilijua ni kichekesho lakini sikucheka. Pumzi haikupita, nilikuwa macho.

Wewe huota, Baba?

Mwanao,
Mwelu


Wote
17 Februari 2025

Mwelu mwanangu,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia zangu. Goti linalalamika lakini linatembea. Mwewe amechukua kuku wawili. Mengine ni salama.

Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja na sijaona mtu akifundishwa kulala. Watoto wangu walilala bila msaada, hasa baada ya chakula cha mchana. Mchungaji akisikia habari hii atataka kukuwekea mikono, kwa hiyo sijamwambia.

Umeniuliza kama naota. Naota. Tangu masikio yangu yafunge miaka minne iliyopita, ni kwenye ndoto tu ninasikia. Nasikia mbuzi, nasikia kengele ya shule, nikiamka ni kimya. Basi sitakucheka sana.

Lakini hujaniambia unataka kufanya nini huko ndotoni. Tangu tumzike mama yako, barua zako zimekuwa za mvua na goti, na zangu pia. Hii ya sasa ni ndefu. Niambie, na uandike herufi kubwa kama kawaida yako, maana zile za simu siziwezi.

Baba yako


Dagoretti Corner, Nairobi
3 Machi 2025

Kwako Baba,

Habari za siku nyingi. Mimi mzima. Pole kwa kuku.

Nitakuambia, kwa sababu kwenye karatasi ni rahisi. Kila wiki, mara mbili au tatu, naota niko kazini. Simu yangu iko kwenye droo, tunakotakiwa kuziweka. Inatetemeka. Nafungua droo, naona jina la Mama, nafunga droo, namwambia mgonjwa aketi. Ndoto yote ni hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Alinipigia mara tatu. Saa tatu na dakika arobaini, arobaini na mbili, na arobaini na tano. Niliona jina lake. Kulikuwa na foleni, nikasema nitampigia saa ya chakula, na saa ya chakula ikapita. Saa kumi na moja jioni Muthama akanipigia akasema Mama ametuacha leo. Sikuuliza saa ngapi. Mpaka sasa sijui alitaka kuniambia nini. Nilipofika nyumbani kesho yake nilikupa mkono, ukautazama tu, nikajua kwamba unajua sikupokea simu zake.

Sikulia. Uliona mwenyewe. Nilibeba masufuria, nikagawa chai, watu wakasema Mwelu ana nguvu. Sina nguvu, Baba. Ni kwamba hakuna ninachohisi. Mwaka unaisha na bado hakuna.

Nataka kujua kwamba naota, mara moja tu, ili nipokee hiyo simu. Nimejaza daftari moja na nusu. Naamka kwa kengele alfajiri, nakaa macho dakika ishirini, narudi kulala nikirudia moyoni: simu ikitetemeka, nitajua naota. Jacklyne ndiye aliyenipa sentensi hiyo. Aliniambia, "Hiyo ndoto si inakurudia kila saa? Basi hiyo ndio mlango yako. Wengine wanatafuta mlango miaka mingi." Lakini simu ikitetemeka sijui chochote. Nafunga droo.

Hulazimiki kunijibu.

Mwanao,
Mwelu


Dagoretti Corner, Nairobi
12 Aprili 2025

Kwako Baba,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Ni karibu wiki sita sijapata barua yako. Muthama anasema unakula, unaenda kanisani, na kwamba bahasha yangu iko mfukoni mwa koti lako. Mwaka mmoja wa Mama ulitimia tarehe kumi na nne mwezi uliopita na sikuja. Nilikuwa zamu. Ningeweza kuomba ruhusa, sikuomba.

Kama umekasirika, andika hivyo tu. Nitaelewa.

Mwanao,
Mwelu


Wote
20 Aprili 2025

Mwelu mwanangu,

Salamu nyingi. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo na goti linajua. Sijakasirika. Nimeanza barua hii mara nne.

Si mama yako aliyekupigia simu. Ni mimi.

Mama yako aliondoka saa tatu na nusu asubuhi, akiwa kwenye kiti chake anachambua maharagwe. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, natia jembe mpini. Kama aliniita, sikusikia. Nilipogeuka, bakuli lilikuwa chini na maharagwe yametapakaa mpaka mlangoni.

Mimi sina simu, nikachukua yake. Picha yako ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye kioo chake. Nikaibonyeza, nikaweka simu sikioni kama zamani. Kwa kuwa siwezi kujua mtu amepokea saa ngapi, nilihesabu mpaka kumi, ili uwe umeshapokea na umeshanisalimu. Kisha nikasema, "Mwelu, huyu ni baba yako. Mama ametuacha. Njoo." Nikaona labda sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikapiga tena, nikahesabu, nikasema. Mara ya tatu nilisema polepole, kama nilivyokuwa nikisoma imla darasani.

Nikawaambia majirani kwamba Mwelu nimeshamwambia, yuko njiani. Ndiyo sababu hakuna aliyekupigia mchana kutwa. Tulikungoja mpaka jioni ndipo akapelekwa mochari, na hapo Muthama akaandika kwenye karatasi ninayoandikiwa na watu kwamba atakupigia yeye mwenyewe. Nilidhani anakuharakisha. Sikujua kwamba anakupa habari mpya.

Ulipoingia kesho yake asubuhi nilisema moyoni, mtoto huyu ameambiwa jana saa tatu na anafika leo. Na halii. Kwa hiyo sikuupokea mkono wako. Nimekaa na hasira hiyo mwaka mzima, huku nakuandikia habari za kuku. Watu walikuwa wakiongea nawe pale matangani, nami nilikuwa naona midomo tu.

Kumbe niliongea na simu ambayo haikupokewa. Hakuna neno la mama yako lililokupita, mwanangu. Kama kuna lililompita mtu, lilinipita mimi niliyekuwa hatua tatu kutoka kwake. Nimeona haya kukuandikia. Nisamehe.

Baba yako


Dagoretti Corner, Nairobi
18 Mei 2025

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umsalimu Muthama. Natumaini mvua imeliacha goti lako lipumzike.

Barua yako niliisoma, nikatazama dirishani, nikaisoma tena. Haikubadilika. Nikaziba pua, pumzi haikupita. Nikaikunja nikaenda kazini. Nilikaa nayo wiki tatu bila kuhisi kitu, wala nafuu. Daftari nililiacha na kengele ya alfajiri nikaizima.

Jumatano nimeota. Niko kliniki, droo inatetemeka. Nikaifungua, nikaona jina la Mama. Mgonjwa akaniuliza kitu, nikamtazama, kisha nikarudisha macho kwenye simu. Jina lilikuwa Baba. Wewe huna simu. Sijawahi kuandika jina hilo kwenye simu yangu. Nikasema kwa sauti, naota. Mgonjwa akasema sawa, akaketi.

Nikapokea. Nikasema haloo, Baba. Hukujibu. Ulikuwa unahesabu polepole, moja, mbili, tatu, nami nikangoja. Ulipofika kumi ukasema maneno yote kama ulivyoniandikia. Nikakujibu. Ukaanza tena moja, mbili, ukasema tena, nikakujibu kwa sauti kubwa zaidi. Hivyo mara tatu. Kwenye ndoto zako unasikia, lakini kwenye yangu masikio yako yalikuwa yamefunga vilevile.

Niliamka mto umelowa. Nililia mpaka nikachelewa kazini, na nilipofika Jacklyne akaniona macho, akanitengenezea chai, akaihudumia foleni yangu bila kuuliza.

Nitakuja Ijumaa na nitakaa mpaka Jumatatu. Nitakupa mkono tena. Kiti cha Mama kiache hapo kilipo, nitakikalia.

Lakini kuna jambo moja lisilongoja Ijumaa. Nilikujibu mara tatu na hukunisikia, kwa hiyo naliandika hapa kwa herufi kubwa. NIMESIKIA, BABA.

Mwanao,
Mwelu