Njoo Baridi Hii, Wifi Yangu

Kambi ya Magari,
Karibu na Wareham,
Dorset, Uingereza.

19 Januari 2023

Mpendwa wifi yangu Yvonne,

Hujambo lakini, mwenzangu? Goti linasemaje? Trevor bado anapanda juu ya paa kuziba mabati mwenyewe, au umefaulu kumficha ngazi? Najua huko Hobart sasa ni jua tu, mnakula nje na kufukuza nzi. Sisi huku tu salama, kwa maana kwamba tunakula, tunalala na tunagombana kama kawaida. Habari za kaka yako Malcolm zipo na nitazifikia, kwa hiyo tafadhali usiruke mistari, maana nakujua.

Nakuandikia nikiwa ndani ya Mabel, gari letu la kulala. Mvua inapiga paa, hita ya gesi inakoroma, na soksi zetu zimening'inia juu ya sinki. Malcolm ameenda kuoga kwenye mabafu ya kambi, taulo shingoni kama bondia. Akitoka huko lazima apitie kwa mlinzi wa kambi kupiga soga, kwa hiyo ninayo saa nzima. Hajui kwamba naandika, wala sitaki ajue mpaka utakaponijibu.

Kila mwaka unaniuliza kwa nini tusisafiri kiangazi kama watu wenye akili timamu. Yvonne, kiangazi hapa huna pa kukanyaga! Baridi ndiyo yetu. Kambi nyingi zinafungwa, hizi chache zinazobaki wazi tunajigawia sisi wazee wachache, na pwani nzima ya Swanage inakuwa yako. Unaegesha ukiitazama bahari, unafunga madirisha, unamimina chai, unakula mkate na jibini huku upepo unalitikisa gari. Baridi kumi na mbili tumefanya hivyo, tangu kaka yako alipostaafu. Rye, Lyme, Selsey, kote huko tumeshazama matopeni na kuvutwa na matrekta ya watu.

Sasa sikia. Sisi wenye magari haya tuna desturi yetu: tukikutana njiani tunapungiana mkono. Humjui mtu, hutamwona tena, lakini unampungia. Malcolm kwake hiyo ni kama sala. Mtu asipomrudishia, ananuna mpaka kituo cha petroli kinachofuata. "Umemwona yule? Hata kidole hakuinua! Siku hizi wanauziwa magari bila adabu."

Mwishoni mwa Novemba tulikuwa tunatoka Salisbury kwenda Swanage. Njiani akalipungia gari la mikate. Nikacheka. Mbele kidogo akaipungia ambulansi. Nikacheka zaidi. Karibu na Blandford akalipungia lori la taka, tena kwa heshima zote, na mimi nikacheka hadi machozi. Jioni ile kwenye baa nikawasimulia watu wote, wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Nikikumbuka kicheko kile roho inaniuma, Yvonne. Sijawahi kujichukia hivyo.

Maana asubuhi yake nilitoka kwenda bombani kuteka maji. Bomba la karibu walikuwa wamelifunga kwa ajili ya baridi, kwa hiyo nilikwenda mbali, nikarudi nimejifunika kofia ya koti, nimebeba dumu. Malcolm alikuwa amesimama mlangoni. Nikiwa hatua kama kumi hivi, akaniambia kwa upole, "Habari ya asubuhi, dada. Kama unamtaka mke wangu, ameenda bombani."

Nikadhani ni utani wake. Nikabana pua, nikamuuliza kwa sauti ya kibibi, "Huyo mkeo ni mzuri?"

"Mzuri sana," akasema, "ila mdomo anao!"

Lo, nikafurahi! Nikasogea, nikashika kitasa cha mlango niingie. Akaweka mkono wake kunizuia, taratibu kabisa, kama mtu mstaarabu anavyomzuia mgeni. "Samahani dada, hapa ni kwetu."

Nikavua kofia. Nikasema, "Malcolm, ni mimi." Kumbe hata hapo ni sauti aliyoijua, si uso. Akakaa kwenye ngazi ya gari, akaniambia, "Glenda, nilitaka kukwambia baada ya Krismasi."

Alikuwa amejua tangu Agosti! Alikuwa anaendesha kwa kufuata ukingo wa barabara na mazoea ya miaka thelathini na mitatu ya kuendesha basi. Nilimfokea, usiniulize nilivyomfokea. Halafu nikakaa naye pale kwenye ngazi tukalowa wote wawili. Nilimpigia simu jirani yetu Clifford, akaja kwa treni, akaturudisha nyumbani Andover. Njia nzima Malcolm alikaa kiti cha nyuma kama mzigo, hakumpungia mtu.

Daktari wa macho alitueleza vizuri. Katikati ya macho yote mawili pamechakaa na hakuna dawa ya kupafufua. Pembeni anaona: anaona mlango, anaona kikombe mezani akigeuza kichwa. Kilichopo mbele yake hasa ndicho kinachomezwa na ukungu, na uso wa mtu unayezungumza naye ndio huwa hapo hapo mbele. Daktari hakutaka kutupa tarehe. Nilipombana sana akasema huenda kufikia Krismasi ya mwaka huu nyuso zote zitakuwa zimemtoka.

Leseni aliirudisha mwenyewe kwa posta. Alitembea peke yake hadi kisanduku, akarudi, akasema tumuuze Mabel. Kisha akalia, Yvonne. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya mama yenu. Mnunuzi alikuja kutoka Basingstoke, akapiga matairi teke, akafungua makabati yangu na kunusa nusa, akasema harufu ya vitunguu itamsumbua. Nikamwambia basi asijisumbue, gari haliuzwi.

Malcolm akaniuliza tutalifanyia nini. Nikasema nitaendesha mimi.

"Wewe? Wewe uliyekigonga kisanduku cha posta kilichosimama pale tangu enzi za Malkia Victoria?"

"Hakikunipisha," nikamjibu.

Alicheka, mara ya kwanza kwa wiki mbili. Basi nikapiga moyo konde, nikatafuta mwalimu, na nikiwa na miaka sitini na minane nikajifunza kulirudisha nyuma lidude lenye urefu wa mita saba. Safari hii ya Wareham ni ya saa moja na nusu, mimi nilitumia saa nne. Nyuma yangu magari yalifuatana kama msafara wa mazishi. Malcolm pembeni yangu alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo. Lakini tumefika, na jana tulikwenda Swanage tukala viazi na samaki ndani ya gari, na akaniambia bahari anaiona yote, kwa sababu bahari haina katikati.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika. Ulisema utakuja kiangazi cha mwaka 2011. Halafu wajukuu wakazaliwa, halafu goti, halafu maradhi yakafunga dunia nzima. Sikulaumu, kila sababu ilikuwa ya kweli. Malcolm hajawahi kulalamika hata siku moja, na unajua huyo hata jino likimuuma hasemi. Lakini ile picha uliyotutumia Krismasi, ukiwa bustanini, aliichukua akaipeleka chini ya taa. Akaigeuza. Akatoa kioo cha kukuzia. Alikaa nayo muda mrefu mpaka chai ikapoa, halafu akasema, "Yvonne amenenepa kidogo."

Hujanenepa, wifi yangu. Alikuwa anakitazama kichaka kilicho nyuma yako.

Sikumwambia. Niliingia chooni nikafungua maji ili asinisikie.

Kwa hiyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu siku uliponishikia maua yangu ya harusi na kuniambia kaka yako anakoroma nijiandae. Usisubiri kiangazi. Njoo baridi hii, kabla Machi haijaisha. Njoo angali anaweza kuupata uso wako hata kwa kuuokoteza. Tutakupokea uwanja wa ndege na Mabel, kiti cha mezani kinageuka kitanda kizuri tu, na mimi ndiye dereva, kwa hiyo andika wosia kabla hujapanda ndege. Lete soksi za sufu, za kwetu hazikauki. Na kama huwezi kuja kwa ajili yake, njoo kwa ajili yangu. Nimekukumbuka mno. Miaka yote nimekuwa na mtu wa kucheka naye, sasa nahitaji na mtu wa kulia naye, na hapa hayupo.

Msalimie Trevor, umwambie ashuke kwenye paa. Wabusu wajukuu, Lachlan na Imogen, ingawa wamekua na hawatataka. Shangazi Muriel anakusalimu, bado anasikia anachotaka kusikia tu. Mungu akulinde katika safari ndefu, akupe kiti cha pembeni usilibane goti, na akufikishe kwetu mkavu, maana huku kila kitu kimelowa.

Jambo moja, nisije nikasahau, maana namsikia Malcolm anagonga matope viatuni. Mkionana usishangae atakavyokutazama. Hatakutazama usoni. Atalitazama sikio lako, au bega, kama mtu aliyekasirika au anayesubiri uondoke. Watu wengi hapo hujisogeza mbele ya macho yake kwa wema tu, na hapo ndipo wanapompotea. Wewe usisogee. Akikuangalia hivyo pembeni, simama tuli, umwache atazame kadiri anavyotaka. Hapo ndipo atakuwa anakuona.

Ni mimi wifi yako nikupendaye na kukungoja,
Glenda