Jina la Pili kwenye Fomu ya Mbio

Bukiriro,
Wilaya ya Ngara, Kagera.
Jumapili, 12 Januari 1997

Mpendwa mdogo wangu Clotilda,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji Hakizimana na mtoto Nice, na kwamba joto la Tabora limepungua kidogo kwa mvua. Magoti ya mama mdogo Ildefonsa yanaendeleaje tangu ahamie kwako? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua atakuuliza kwanza kama nimemsalimia. Mimi ni mzima. Malaria ya Novemba ilipona, na kikohozi kilichobaki ni cha vumbi.

Huku tumeanza kung'oa maharage wiki hii, na si mabaya. Migomba ya nyuma ya nyumba imezaa kuliko mwaka jana. Mkungu mmoja uliiva wote kwa mpigo ukaozea jikoni, kwa sababu mtu mmoja hamalizi mkungu. Chumba chenu nakifagia kila Jumamosi. Mlango wa uani umeshuka bawaba, nimeuegemezea jiwe.

Nina jambo la kukueleza, nalo lina tarehe. Jumamosi ya tarehe 15 Februari kuna mbio za baiskeli kutoka njia panda ya Benaco mpaka Biharamulo mjini, kilomita 104 kwa vipimo vya kamati ya michezo. Nimejiandikisha. Usicheke bado. Sharti la kamati ni watu wawili wawili, kwa sababu ya ule msitu wa njiani ambao siku hizi hata magari hayaupiti moja moja. Wawili wanaanza pamoja na wanamaliza pamoja. Ukifika peke yako unahesabiwa hujafika. Fomu zinafungwa Ijumaa ya tarehe 31 mwezi huu, na jina lisilo na mwenzake linafutwa. Mwenzangu ameondoka.

Nianze na baiskeli yenyewe, maana uliponiacha hapa sikuwa najua hata kuisukuma. Miaka kumi na minane ya kuandikia gazeti nimeifanya kwa miguu, kwa malori, kwa keria za baiskeli za watu, na tangu mwaka 1994 kwa magari ya mashirika ya wakimbizi. Mwezi wa Mei mhariri aliniandikia kwamba makambi yakifungwa magari hayo yatakwenda nayo, na kwamba mwandishi asiyeweza kufika kijiji cha Keza mwenyewe hana kazi ya kufanya Ngara. Hakukosea. Nikanunua Phoenix ya kike, kuukuu, breki ya nyuma haishiki. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Aliyenifundisha ni Mukandayisenga. Nilikutajia jina lake katika barua ya Pasaka: mkunga, Mnyarwanda, mkimbizi wa kambi ya Benaco, niliyemhoji mwaka juzi kuhusu watoto wanaozaliwa kwenye mahema. Alikuwa anasaidia kwenye zahanati iliyo jirani na kambi, na zahanati ilimpa baiskeli ya kuwafikia wazazi. Kwao alikuwa ameendesha miaka kumi. Alinishikia kiti kwa nyuma tukazunguka uwanja wa kanisa, yeye akikimbia na mimi nikipiga kelele.

"Usitazame tairi, dada. Tairi halipotei."

"Nisipolitazama litakwenda wapi?"

"Litakwenda unakotazama. Na sasa hivi unamtazama katekista."

Niliweka hesabu, unanijua. Juni nilianguka mara kumi na moja. Julai mara nne. Agosti mara moja, na kosa lilikuwa la mbuzi. Watu walitoka nje kunitazama kama wanavyotazama gari lililokwama. Mzee Evaristi, jirani yetu wa ng'ambo ya kisima, alinikuta nimelala ndani ya shamba lake na gurudumu bado linazunguka.

"Mwandishi! Barabara iko huku. Hiyo ni migomba."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiinuke haraka, migomba haina haraka."

Septemba tulianza mazoezi ya kweli, kila Jumamosi na Jumatano alfajiri, Mukandayisenga na mimi. Kilomita tano, kisha kumi na mbili, kisha thelathini. Nilivaa suruali ndani ya kitenge, na kitenge nikakifunga kwa kamba ya katani kisiingie kwenye cheni. Tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha, karanga na maji. Ukweli wa mazoezi haya hakuna aliyenionya: miguu inachoka na kupona, lakini makalio yanakumbuka mpaka Ijumaa. Kwenye mlima wa kwanza wa njia ya Keza Mzee Evaristi alitupita akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu. Akageuka. "Esperansia, hata ndizi zangu zinakuacha!" Mukandayisenga alicheka mpaka akashuka.

Tulikuwa na utaratibu. Wa mbele anatangaza barabara kwa wa nyuma: shimo, mawe, ng'ombe, mchanga. Wa nyuma anajibu "nimeona". Baada ya kilomita kumi hatukuwa na mazungumzo mengine. Sikumbuki mtu niliyepata kuzungumza naye vizuri zaidi.

Yeye ndiye aliyesikia habari za mbio, mwezi wa Oktoba. Nilimwambia ni za vijana. Akaniambia bila siku ya mbio nitaendelea kuizunguka Bukiriro mpaka nizeeke. Novemba tuliandikisha majina mawili, lake na langu. Wiki moja kabla ya Desemba tulifika kilomita arobaini na sita, kwenda na kurudi, bila kushuka isipokuwa mlima mmoja.

Kilichofuata umekisikia redioni. Serikali ilitangaza wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na katikati ya Desemba barabara ilijaa. Habari hiyo niliituma. Gazeti lilitoa aya sita. Hii hapa chini sikuituma.

Jumanne ya tarehe 17 nilipata ujumbe kwamba Mukandayisenga ameondoka kambini asubuhi hiyo, anaelekea daraja la Rusumo. Nilipanda baiskeli. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: yeye anatembea, ana mzigo, amenitangulia saa moja na nusu. Kwa mwendo wangu wa Novemba ningemfikia kabla ya daraja na muda ungebaki.

Nilipoingia barabara kuu nikakuta watu wamejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, wote wanaelekea upande mmoja. Godoro kichwani, sufuria, mtoto mgongoni, mlango wa mbao umebebwa na wanaume wawili. Kulikuwa na vilio vya watoto tu.  Nikashuka.

Unajua tulivyolelewa. Ukikuta msiba njiani unashuka kwenye baiskeli, na kama unaelekea njia moja nao hupiti mbele yao. Unasukuma nyuma yao mpaka wakate kona. Sikukaa nikafikiri. Hapakuwa na jeneza wala msalaba, lakini miguu yangu ilishuka yenyewe, na niliona si mimi tu. Wenyeji wote wenye baiskeli walikuwa wamezishuka, wamesimama kando ya barabara na kofia mkononi. Basi nikasukuma. Nilisukuma nyuma ya wale watu saa nne na dakika kumi, kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, na baiskeli nzima mkononi. Upande wa kushoto palikuwa na kijia kikavu, kitupu, kinachopitika. Nilikiona tangu mwanzo.

Karibu na daraja askari waliturudisha sisi wenyeji. Mwanamke mmoja aitwaye Uwimana, aliyekuwa amekaa chini akifunga mzigo upya, alimfahamu Mukandayisenga. Nilimuuliza kama amemwona.

"Mkunga? Amevuka. Si muda mrefu."

"Muda gani?"

"Alikaa hapa pembeni akisema anamsubiri dada yake mwenye baiskeli. Wakamwambia asogee. Akasogea." Akanitazama, akaitazama baiskeli. "Ni wewe? Mbona hukupanda?"

 Nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema hata kwao wanashuka, lakini kwa wafu. Kisha akaomba maji, nikampa chupa.

Kwa makadirio yangu nilimkosa kwa dakika ishirini. Nimelipima jambo hili kwa njia zote, na kila mara linaishia mahali pale pale: nilifanya adabu, na adabu ilikuwa kosa. Sina anwani yake. Sijui kama amefika kwao, wala kama kwao bado kupo.

Tangu Krismasi nimeendelea na mazoezi peke yangu. Nilipita Benaco Jumamosi ya wiki jana. Mahali palipokuwa na watu wengi kuliko mji wa Bukoba nilihesabu watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wanachimba visiki vya kuni, kwa kuwa miti yenyewe haipo tena. Magari ya mashirika yamepungua kama mhariri alivyosema. Barabara ni nzuri kwa mazoezi. Naisikia cheni yangu mwanzo hadi mwisho. Siku hiyo nilitangaza "shimo" kwa sauti mara mbili kabla sijajikamata.

Nimetafuta mwenza hapa, usidhani nimekaa. Muuguzi wa zahanati ni mjamzito. Katekista anasema mwanamume na mwanamke wasio ndugu hawawezi kupita msitu siku nzima, na kwamba anasema hivyo kwa faida yangu. Mzee Evaristi ndiye mwenye miguu, lakini alinijibu papo hapo: "Mbio zenyewe hazibebi hata ndizi. Sasa nakimbilia nini?" Alipoona sijacheka aliniletea chupa ya juisi ya ndizi, akakaa kidogo, akaondoka.

Ningeweza kuacha. Nafika Keza mwenyewe sasa, nafika mpaka Nyamigogo ng'ambo ya mpaka wa wilaya nikilala njiani, na kazi yangu iko salama. Hakuna atakayeniuliza kuhusu mbio. Lakini nimefanya kitu hiki miezi saba na mtu mwingine, na sitaki kiishe kwa karani kupiga mstari.

Kwa hiyo juzi Ijumaa nilikwenda kwa karani wa kamati. Alifungua daftari, akapiga mstari kwenye jina la Mukandayisenga, akaninyooshea kalamu. Nikaandika jina lako.

"Clotilda huyu ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Tabora."

"Anajua?"

"Atajua."

Akacheka, akapiga muhuri. Akaniambia mwisho wa kubadilisha ni hiyo hiyo tarehe 31.

Sasa unajua. Wewe unaendesha kila siku kwenda shuleni na kurudi, kwa hiyo miguu unayo kuliko mimi. Baiskeli aliyokuwa anatumia Mukandayisenga nimeiomba zahanati, wamekubali. Fundi ameibadilisha tyubu ya mbele na kukaza spoku. Kiti kinashuka, wewe ni mfupi kuliko yeye. Ruhusa ya siku nne kutoka kwa mwalimu mkuu wako nadhani inapatikana, na shemeji anaweza kumpikia Nice ugali, nilimwona akipika siku ya arusi yenu.

Najua ulisema utakuja baada ya msiba wa mama, na ulisema tena mwaka 1995, na tena Pasaka iliyopita. Sikuandikii hayo kukulaumu. Basi ni ghali, shule haziachi nafasi, na huku kulikuwa na mambo yaliyomtisha kila mtu. Naeleza tu kwamba nimeishi hapa peke yangu miaka mitatu, na mtu pekee aliyekuwa akinigongea mlango bila kuwa na shida amevuka daraja.

Kama huji, usinieleze sababu. Sababu zako zote nazijua na zote ni za kweli. Andika neno moja tu, "futa", ulitume mapema, nitakwenda mwenyewe kwa karani.

Msalimie sana shemeji Hakizimana. Mwambie Nice kwamba mama yake mkubwa sasa anaendesha baiskeli na haanguki ila kwa mbuzi. Mama mdogo Ildefonsa mwambie kaburi la dada yake nimelipalilia kabla ya mwaka mpya, na maua aliyopanda yameshika. Mzee Evaristi anawasalimu wote. Mungu awalinde nyumbani na njiani.

Barua kutoka kwako kuja hapa huchukua siku tisa hadi kumi na mbili. Nisipopata neno lile mpaka tarehe 31, sitalichukua kuwa posta imechelewa. Nitachukua kwamba unakuja, na Ijumaa ya tarehe 14 Februari, kabla hatujapanda lori pamoja kwenda Benaco, nitakuwa kwenye njia panda ya Lusahunga tangu asubuhi, mahali linaposimama basi la Kahama, na baiskeli mbili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Esperansia