Mabruka Hadungwi

Ngara,
Nairobi.
9 Oktoba 1973.

Mpendwa Dada Zainab,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itawakuta wewe na shemeji Mabruki wazima, na saumu zenu nyepesi. Goti lako limepoa? Sisi tunafunga kwa baridi, kiu haitusumbui kama nyinyi wa Malindi. Mwanao Mabruka hajambo. Kila asubuhi yuko chuoni anapiga taipu. Nimeanza na hilo makusudi, ili yanayofuata uyasome kwa utulivu.

Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, Mabruka alikuwa amechoka kwa mitihani. Wifi yako akampeleka kwa daktari mmoja hapa mtaani, nami nikawapitia nikitoka kazini. Daktari alimpima, akataka kumpa vidonge. Wifi yako akakataa.

"Vidonge hata dukani vipo, daktari. Mpige mtoto sindano, tujue ametibiwa."

Unajua kwetu asiyedungwa hajatibiwa. Daktari akacheka, akamdunga vitamini B, ile mnayoiita ya nguvu.

Sindano ilipochomolewa tu, Mabruka akapiga chafya. Akasema viganja vinamwasha. Uso ukavimba hata macho yakafumbika, pumzi ikawa ya kukwaruza, akaanguka. Kazi yangu gazetini ni kutazama. Nimeandika habari za mafuriko na za magari yaliyogongana njia ya Naivasha, nami sikugeuza macho. Siku ile sikumtambua mtoto niliyemlambisha asali siku aliyozaliwa. Daktari alimdunga dawa nyingine upesi, na tukaiona pumzi ikirudi. Alilazwa hospitali siku mbili, akatoka.

Lakini ajabu iko mbele. Daktari alinieleza kwamba kitu kile kile kilichomwangusha kimo katika mbaazi, katika maharagwe, katika mtama. Hakuna binadamu anayeishi bila hicho, na Mabruka amekila tangu utotoni. Kwa mdomo kinamjenga, kwa sindano kinamuua. Nikamuuliza tena kwa namna nyingine, kama ninavyowauliza wakubwa nikidhani wananificha jambo. Jibu halikubadilika. Mwili wake, alisema, umejifunza kukiona kama adui kikija kwa mlango huo, na huenda usisahau kamwe. Hata vidonge vya vitamini asimeze bila kumwona daktari kwanza.

Futari ya kwanza wifi yako alipika mbaazi za nazi. Mabruka alipotia tonge mdomoni, sote tuliacha kula, tukamkodolea macho.

"Mjomba, mbona mnanitazama kama televisheni?"

Akala, akaongeza sahani. Hakupiga hata chafya. Dada, nimekula mbaazi maisha yangu yote, na sikuwahi kuziona mpaka jioni ile.

Sasa lako. Daktari aliuliza kama amewahi kudungwa dawa hiyo. Mabruka akasema ndiyo, kila likizo. Alisema mama yake humwita Bwana Nzomo, yule dresa anayezunguka na sindano zake kwa baiskeli, ampige ya nguvu kabla ya kurudi Nairobi. Likizo iliyopita mkono ulivimba, akapiga chafya mchana kutwa, mkafurahi kwamba dawa imeshika. Kumbe hatari ilikuwa inabisha hodi. Hata mimi ningefurahi, na daktari hakumlaumu mtu.

Mabruka anakuja kwa Idi. Atashuka basini amekonda kwa saumu na safari, nawe utamhurumia. Hapo ndipo ninapoogopa. Tumemfundisha amwambie kila mwenye sindano, "Mimi sidungwi vitamini." Kwa mgeni atasema. Kwako sina hakika. Ukimwambia nyoosha mkono, atanyoosha, kwa kuwa wewe ni mama yake. Tafadhali umwambie Nzomo mapema, kabla basi halijafika, na majirani wasikie.

Msalimie shemeji Mabruki, na Bibi Mwanaisha umbusu mkono kwa niaba yangu. Wifi yako anakusalimu sana. Tangu siku ile hajamfundisha daktari yeyote kazi yake. Mola azipokee saumu zenu na awafikishe Idi mkiwa wote mezani.

Mtoto akifika, mpikie mbaazi, kisha ukae umtazame akila. Utaona nilichokiona.

Nduguyo akupendaye,
Mohdhar