Siku Nne Nilizokosea Kuhesabu

Katandala,
Sumbawanga.
27 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Kauthar,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba baridi ya huko Uingereza haijakuzidi. Kifua chako kinaendeleaje? Sisi hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, na watu wa Ilemba wako mashambani wanapanda mahindi.

Pole tulipeana kwenye simu, lakini neno lako moja limenikaa moyoni. Ulisema mama yako, mama yangu mdogo Maulida, ameondoka ukiwa mbali na hukumfanyia lolote. Nimefungua shajara yangu nikuandikie mambo kwa tarehe zake, maana si kweli.

Unajua baba alifariki tarehe 8 Julai, na mama akakaa eda. Hesabu ya miezi minne na siku kumi aliniachia mimi, mwenye daftari. Nikahesabu kwa kalenda ya ukutani, nikaandika kwamba atatoka tarehe 18 Novemba. Mama yako alipozidiwa huko Kasanga mwezi Oktoba, mama akawa ananiuliza kila asubuhi, "Shamsi, zimebaki ngapi?" Alitamani sana kwenda kumwona mdogo wake, ila hakutaka kutoka kabla ya siku zake kutimia.

Tarehe 11 Novemba ikafika barua yako, ile yenye maneno ya kale ya Kiingereza unayoyasoma chuoni. Nilimsomea mama kwamba "month" ya Wazungu ilitokana na "moon", na kwamba wazee wao walihesabu usiku badala ya mchana, ndiyo maana hata leo wiki mbili wanaziita "fortnight", yaani usiku kumi na nne.

Mama akacheka. "Kumbe na wao walikuwa wanatazama juu. Na wewe, mwanangu, eda yangu umeihesabu kwa nini?"

"Kwa kalenda, mama."

"Hiyo ya picha za matrekta?" Hapo akaacha kucheka.

Siku ileile nilikwenda kwa Sheikh Ridhiwani. Alinieleza kwamba baba alifariki mwezi ukiwa ndiyo kwanza umeandama, kwa hiyo tunahesabu miezi minne ya mwandamo, kisha siku kumi. Eda ilikuwa inatimia tarehe 13, na mama angetoka tarehe 14, siku nne kabla ya ile niliyoiandika. "Unaandika sana, Shamsi," akaniambia, "lakini hutoki nje kutazama."

Alhamisi tarehe 14 mama alioga, akavaa nguo zake za zamani, tukashuka Kasanga. Mama mdogo alikuwa amekonda sana, ila ulimi wake ni uleule.

"Dada, umenenepa na eda yako."

"Nyamaza. Mgonjwa gani wewe?"

Walishikana mikono mpaka chai ikapoa.

Ijumaa jioni mama mdogo alitaka na yeye asomewe barua yako. Mwezi ulikuwa mpevu, na mitumbwi ya dagaa ilikuwa imelala ufukweni, maana penye mwanga wa mwezi dagaa hawafuati taa za wavuvi. Nilipofika pale ulipoandika kwamba Waingereza wana mwezi mpevu wanaouita wa mavuno, akasema, "Mwambie mwanangu, sisi huku huu ni mwezi wa kula mboga za majani." Baadaye akaniuliza, "Haya ndiyo aliyokwenda kuyasoma? Basi asome mpaka amalize."

Alifariki Jumamosi alasiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa dada yake. Tulimzika Jumapili. Tarehe 18, siku niliyoiandika mimi, ilikuwa Jumatatu.

Kosa lilikuwa langu na nimemwomba mama radhi. Yeye anasema nikuandikie kwamba aliletwa Kasanga na barua yako, na kwamba ukirudi mtakwenda kaburini pamoja.

Wifi yako Hidaya anakusalimu, na Sheikh Ridhiwani anakuombea dua. Mungu akupe subira, akutunze ugenini, na amlaze mama yetu mahali pema.

Basi, Kauthar, usiseme tena kwamba hukumfanyia lolote.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Shamsi